Kibanja, Kiwanja: Maneno ya Mtaani Kuhusu Bukoba na Muleba

 

Ziko kauli mbili ambazo kila aliyekaa kidogo Bukoba amezisikia. Ya kwanza ni kwamba mji huu umedumaa. Ya pili ni kwamba mji huu umebadilika mpaka hautambuliki. Mara nyingi zinatoka kinywani mwa mtu yuleyule, kabla kikombe chake cha chai hakijapoa. Kwa miaka mingi nilizichukua kama manung'uniko, nikazipita nikitafuta data. Leo nakiri mbele yenu kwamba data ilikuwa pale pale nami niliiruka.

Anayesema mji umedumaa hajakosea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,796 katika Manispaa ya Bukoba. Ile ya 2022 ilikuta karibu 145,000. Katika miaka hiyo kumi idadi ya Watanzania wote iliongezeka kwa zaidi ya theluthi, ilhali Bukoba iliongeza kama sehemu moja ya nane. Watoto wetu wako Mwanza, Dar es Salaam na Kampala. Desemba wanarudi, migomba inasikia muziki, barabara za vijijini zinajaa magari yenye vumbi la safari, na mkoa wenyewe umeipa desturi hiyo tamasha na jina, Ijuka Omuka, yaani kumbuka nyumbani. Ikifika katikati ya Januari, milango inafungwa na funguo anaachiwa mlinzi.

Basi kama watu hawakuongezeka sana, ni nini hicho kilichobadilika hadi mtu aliyezaliwa Hamugembe aseme haijui Hamugembe? Jibu langu lina mti ndani yake.

Wahaya mliomo humu mnaujua omulamula. Kwa Kiswahili chetu cha Kagera tunauita mlamula. Ni mti wa majani marefu ya kijani. Ukikata kipande chake ukakichomeka ardhini, kinashika, na mara nyingi unaishi kuliko mkono ulioupanda. Ndio tuliokuwa tukipanda mpakani, kati ya kibanja na kibanja. Jina lake liko jirani kabisa na okulamula, kuamua shauri. Mti wenyewe ni mwamuzi. Lakini ni mwamuzi asiyesema, kwa hiyo alihitaji watu wa kusema kwa niaba yake: waliokuwapo ulipopandwa, na waliotembezwa baadaye wakaonyeshwa. Bibi yangu alinishika mkono nikiwa sijaanza shule, tukazunguka kibanja mti kwa mti, naye akinitajia kila upande jina la jirani, jina la baba yake jirani, na kaburi lililo karibu. Nilidhani tunatembea tu. Kumbe nilikuwa naandaliwa kuwa shahidi.

Bikoni haihitaji bibi. Ni kipande cha zege chenye namba. Mpimaji anakisoma, benki inakisoma, mtu aliyeko Toronto anaweza kununua ardhi kinayoiwekea mpaka bila kumjua jirani hata mmoja. Sisemi hili kwa kuidharau. Mwenye hati anakopesheka, na mwenye hati hasumbuliwi kirahisi. Ninachosema ni kwamba siku bikoni inapochimbiwa, kazi ya jirani inaisha, na hakuna aliyemweleza kwamba imeisha.

Tazameni maneno yenyewe. Kwa Kihaya tunasema ekibanja: migomba, kahawa, nyumba, makaburi, na nyasi zilizotandikwa sakafuni. Kwa Kiswahili cha ofisi ya ardhi tunasema kiwanja: upana, urefu, namba ya kitalu. Ni neno moja, herufi moja tu imehama. Mtu wa Rwamishenye akikwambia mtaa umebadilika, anakusimulia safari ya herufi hiyo.

Ndiyo maana majibu yake yanamchosha mtafiti. Ukimuuliza mtaa umebadilikaje, hakupi maoni kwa namna dodoso linavyotaka, nakubali, nakubali sana, sikubali. Anaanza kutaja: hapa palikuwa pa fulani, pale palikuwa na mparachichi, njia ya kwenda kwenye chemchemi ilipita kati ya migomba, tulipita bila kuomba ruhusa ila ulilazimika kusalimia, sasa kuna ukuta, na mbwa. Anatoa ushahidi katika kesi ambayo hakuna aliyeifungua. Mimi mwenyewe nimewahi kumkatisha mzee wa namna hiyo ili nimrudishe kwenye swali la tano. Najuta hadi leo, maana swali la tano sikumbuki lilihusu nini, na mzee huyo hayupo tena.

Wengi humu mnaikumbuka 2013, baraza letu la madiwani lilipogawanyika juu ya soko kuu, upimaji wa viwanja na kituo cha mabasi. Magazeti yalieleza ugomvi wa wakubwa. Chini, kwenye vizimba, shaka ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Mwanamke anayeuza ndizi na senene mahali pamoja kwa miaka ishirini hana karatasi yenye uzito kuliko kinywa cha anayeuza dagaa pembeni yake. Wakitawanywa, kila mmoja anapoteza shahidi wake. Tukiliita hilo kuogopa maendeleo, tumelisikia nusu.

Halafu lilikuja tetemeko. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, watu 17 wakafariki, na shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zimewalea viongozi na walimu wengi wa nchi hii, zikaharibika vibaya. Nyumba za mawe na matofali yasiyofungwa kwa nondo ndizo zilizoumia zaidi. Hamugembe niliona kuta zimelala upande wa jirani, na mlamula umesimama pembeni, haukukatika hata tawi.

Nadhani hatujapima sawasawa jinsi alasiri ile ilivyogeuka kuwa kalenda. Hadi leo mtu anakuelekeza kwa kusema kabla ya tetemeko, baada ya tetemeko. Ukimfuata kwa makini unagundua hazungumzii nyufa. Wapo waliojenga upya kwa mshahara au kwa fedha ya mtoto aliyeko mbali. Wapo ambao bati na saruji viliwashinda, wakamega kipande cha kibanja, wakauza ili waezeke kilichobaki. Aliyenunua alikuja na mpimaji. Kwa miaka michache baada ya hapo, mitaa iliyokuwa ya koo tatu au nne ikawa na majirani wasiojuana kwa jina, na vyumba vya kupangisha mahali palipokuwa na mibuni. Mji haukujaa watu wapya kwa wingi, sensa imetuambia. Uligawanywa upya.

Muleba hadithi imekwenda kwa njia nyingine, nami nitaigusa kwa ufupi kuliko inavyostahili, kwa kuwa wako wanaoijua kuliko mimi. Huko mji umepanda kwenye lami na kushuka kila penye njia panda: vyumba viwili vya biashara, duka la dawa, wakala wa fedha za simu, kijiwe cha bodaboda. Nyuma ya mstari huo ndiko kulikotokea jambo kubwa zaidi. Mnyauko wa migomba ulionekana huko mwaka 2006, ukaenea. Dawa yake ni kali: kung'oa shina zima, kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kuchoma panga motoni kabla ya kuligusa shina jingine. Migomba ilipoondoka, mwanga uliingia mahali ambapo haukuwahi kuingia, na kibanja kilichofunikwa tangu enzi za mababu kikaonekana kwa mara ya kwanza kama kiwanja. Mwenye shida ya ada ya shule, ambaye zamani angeuza kahawa ikiwa bado mtini kwa butura, sasa alikuwa na kingine cha kuuza. Rweya nayo, nyika tuliyoitegemea wote kwa nyasi, malisho na misiri, yaani mashamba ya wanawake ya njugu mawe, imepandwa misonobari yenye wenyewe. Wazee wa Kamachumu wanasema upepo umebadilika sauti. Nimekaa huko jioni, ni kweli.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu ni rahisi mno kuupenda mlamula. Ushahidi ule wa zamani haukuwa wa haki kwa kila mtu. Chini ya nyarubanja, mfumo wa ardhi ya mabwana na wapangaji wao, kabla haujafutwa kisheria katika miaka ya 1960, mtu aliweza kulima kizazi hadi kizazi na bado ushahidi wote ukawa wa bwana wake. Na mwanamke? Mwaka 1988 mama mmoja mzee wa mkoa huu, aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake, aliona nguvu zinamwishia na hana wa kumtunza, akaiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilikubaliana naye. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo ya kimila haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume anavyoweza. Kesi hiyo inafundishwa mbali sana na Kagera. Nawaomba muisome hapa nyumbani, kwa sababu koo zilijua kila mpaka na kila kaburi, na bado mama yule alihitaji karatasi ya Mwanza.

Kwa hiyo ninapomsikia dada mpangaji wa Kashai akisifu ukuta, kwamba nyuma yake analala bila kuulizwa ametoka wapi wala ukoo wake ni upi, namchukua kuwa shahidi kamili, sawa na mzee wa mparachichi. Wanasema mambo mawili kuhusu ardhi ileile. Makosa yetu, hapa chuoni na kule halmashauri, ni kumchukua mmoja kuwa ndiye mtaa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa majirani nafasi katika kuhakiki mipaka. Mjini nasi tunazo fomu ambazo jirani anasaini. Lakini saini hiyo tumeifanya jambo la kukimbizana: mjumbe anapita jioni, kalamu mkononi, mama anasaini akiwa na mwiko jikoni. Ningependa kabla ya bikoni yoyote kuchimbiwa watu watembee mpaka wote pamoja, wenye ardhi, wapangaji, wajane, watoto wa shule, na kinachosemwa njiani kiandikwe, pamoja na yale yasiyo na kisanduku kwenye fomu.

Chukueni Mto Kanoni. Unapita katikati yetu ukielekea ziwani, na mvua kubwa zikinyesha unarudi kwenye bonde lake, awe amejenga mtu au hajajenga. Ziwa Victoria lilipanda kwa kiwango kikubwa mwaka 2020, na tena 2024, na maji ya mto yalipokosa pa kwenda yalikaa majumbani. Kwenye ramani viwanja vile ni vya mstatili, vimenyooka. Waliokulia Omukigusha wanajua maji yanaanzia wapi, yanageukia wapi, na mwaka gani yalifika kwenye ngazi ya nani. Ujuzi huo haumo katika faili lolote nililowahi kufungua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ratiba inasema maswali yafuate. Naomba ruhusa tuyaulize tukiwa njiani. Kuna mama wa Bilele, ameketi safu ya tatu, ambaye ameishi kando ya mto huo maisha yake yote na amekubali kutuonyesha alama za maji, moja baada ya moja, kutoka darajani hadi nyuma ya nyumba yake. Tumeandaa daftari sita na kalamu. Nimemwomba yeye atangulie.