Waliopitwa na Chanjo



Mtoto akikosa chanjo, hukua hivyohivyo bila kinga. Huanza shule, hubalehe, hupanga chumba mjini. Daftari la kliniki limeshamsahau, lakini virusi havimsahau. Ndiyo maana nasema mpango wa chanjo unaowatazama wachanga peke yao haujamaliza kazi.

Tazameni Swansea, mji wa pwani ya Wales. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya watoto 12 tu, kisha akadai hadharani kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji. Haikuwa kweli. Mwaka 2010 jarida liliifuta taarifa hiyo, naye akafutwa katika orodha ya madaktari. Lakini kwa miaka kadhaa wazazi wengi walikuwa wamewazuia watoto wao, kwa hofu ambayo mimi siwalaumu kwayo. Mwishoni mwa 2012 watoto wale walikuwa vijana wa sekondari. Surua, ambayo virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, ikawapitia: waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 1,200, na mtu mmoja akafariki. Ndipo chanjo ikapelekwa mashuleni, na hospitali zikafungua milango mwisho wa wiki kuwachanja waliopitwa.

Rubela ina hatari ya namna yake. Mtoto akiugua, hupata vipele na homa ndogo. Mjamzito akiipata katika miezi ya mwanzo, mwanawe anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi au kasoro ya moyo. Daktari wa macho Norman Gregg wa Sydney ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1941. Sasa, ukichanja wachanga wachache, ugonjwa hupungua kiasi tu, na wasichana wengi hufikia umri wa kuzaa hawajaugua wala hawajachanjwa. Ugiriki ililipa gharama hiyo mwaka 1993: rubela iliwapata wajawazito, na watoto wakazaliwa na kasoro hizo. Kwa hiyo Tanzania ilifanya jambo la busara sana Oktoba 2014: ilipoingiza chanjo ya surua-rubela, ilianza na kampeni ya watoto wote wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15.

Lakini msichana aliyekuwa na miaka 14 wakati ule, akaikosa, leo ana umri wa kuzaa.

Kumfikia si kazi ngumu kitabibu. Aliyepata dozi moja haanzi upya. Hupewa ya pili baada ya wiki nne au zaidi. Aliyepoteza kadi huchanjwa tu, maana kurudia dozi hakumdhuru. Mjamzito husubiri ajifungue. Naomba basi tuanzie hapa chuoni, kwa wanafunzi wa uuguzi na ualimu: waulizwe kadi siku ya usajili, na asiyekuwa nayo achanjwe kabla hajapangiwa wodi au darasa la mafunzo kwa vitendo.