Mabawa Yalivunjwa Makusudi



Boeing 777 ndiyo ndege ya kwanza ya abiria kusanifiwa yote kwa kompyuta. Wahandisi waliunganisha vipuri vyake kwenye skrini, wakaona vinapogongana kabla ya kukata hata bati moja. Hata hivyo, Januari 1995 mabawa yake yalipindwa kwa mitambo hadi yakavunjika. Yalistahimili asilimia 154 ya nguvu kubwa zaidi inayotarajiwa safarini. Kanuni za usalama zinadai 150.

Kompyuta huokoa muda na mali, lakini haibebi abiria. Iwe ni lango, toroli au kitanda cha zahanati: choreni, undeni mfano wa majaribio, upakieni mzigo kupita kiasi. Heri uvunjike karakanani kuliko mikononi mwa mteja.