Kitalu Kwanza, Jaruba Baadaye
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kutengeneza programu za kompyuta. Naomba nianzie shambani. Hapa Lumuma hakuna asiyejua kilimo cha vitunguu. Mbegu husiwa kitaluni, miche hukaa huko kama wiki 6 hadi 8, na wakati huo jaruba hulimwa, husawazishwa, na mfereji huzibuliwa. Anayepandikiza katika jaruba lenye magugu ya msimu uliopita hulijua kosa lake siku ya kuvuna.

Programu nayo ni hivyo hivyo. Mafundi wengi huandika vipande mbalimbali, kisha mtambo huviunganisha, huvijaribu na kuvipeleka kwa watumiaji bila mtu kuusimamia. Sisi tulitumia Jenkins, ambao hadi mwaka 2011 uliitwa Hudson. Mtambo huo hufuata hatua zilizoandikwa katika faili moja. Sisi tuliandika hatua tatu: kuunda, kujaribu, kupeleka. Tukajiona hodari.

Ndugu zangu, programu yetu ilikuwa ya kuhesabu dawa katika stoo za zahanati. Tuligundua kosa katika hesabu ya tarehe za mwisho wa matumizi, tukaandika sehemu mpya, majaribio yakafaulu, tukaipeleka. Wiki iliyofuata muuguzi mmoja alipiga simu. Dawa iliyopita muda wake bado ilionyeshwa kuwa ni nzima. Kwenye kompyuta yangu kosa halikuonekana. Tulitafuta siku 3. Kumbe faili la zamani lilikuwa limebaki katika folda ya mtambo, nalo likaingia katika toleo jipya. Majaribio yalipima sehemu mpya. Zahanati zilipelekewa ya zamani. Aliyetuokoa ni muuguzi yule, kwa sababu alisoma tarehe kwenye kopo.

Tangu hapo tuliweka hatua ya kwanza kabisa, tukaiita Maandalizi. Ina kazi nne. Kwanza, kufuta folda yote ya kazi. Pili, kuleta maandishi upya kutoka ghalani. Tatu, kuleta vifaa vilivyotengenezwa na wengine, kwa matoleo yale yale tuliyoyaorodhesha. Kwa wanaotumia npm, amri ya npm ci hufanya hivyo: huondoa vifaa vya zamani, hufuata orodha, na orodha isipolingana hukataa kuendelea. Nne, kuhakiki kwamba mtambo wenyewe una nafasi na zana zinazotakiwa. Likikosekana lolote, kazi husimama hapo hapo.

Baadhi ya wenzangu walinung'unika kuwa tunapoteza dakika kadhaa kila mara. Niliwauliza tu: siku zile 3 tulizitoa wapi? Na je, kama muuguzi yule asingesoma kopo?

Wadogo zangu, nanyi mtapewa mitambo ifanyayo kazi upesi kuliko yetu. Mtambo hauoni aibu kupanda juu ya magugu. Kazi ya kulisafisha jaruba ni yenu, nayo iandikeni iwe ya kwanza.