Kuuza Mapema Si Kukosa Imani

Leo twapenda kusema nanyi mnaofuga ng'ombe katika nchi kame, kutoka Kajiado hadi Marsabit, na pia nanyi mlioko mjini ambao kundi lenu liko nyumbani mikononi mwa mchungaji.

Kuna neno lisikikalo kila mara ukame unapoanza: "Tusiuze ng'ombe. Kuuza ni kukosa imani. Mungu ataleta mvua." Neno hili lina sura ya kumcha Mungu. Basi na tulipime.

Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua zilikosekana majira matano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Waliopoteza mifugo hiyo walikuwa pia watu wa maombi, na mtu asithubutu kuwaambia kwamba imani yao ilikuwa haba.

Tufungue Mwanzo sura ya 41. Farao aliota ng'ombe 7 wanono, kisha wakaja ng'ombe 7 waliokonda, wakawala wale wanono. Mfugaji huielewa ndoto hii upesi kuliko mtu mwingine yeyote, maana katika ukame ndivyo ilivyo. Maksai mzee na ng'ombe tasa hula nyasi zile zile ambazo zingemwokoa mtamba mwenye mimba. Mwishowe wote hukonda pamoja.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 ahitaji kama kilo 6 za nyasi kavu kila siku. Robota la kilo 15 ni chakula cha ng'ombe wawili kwa siku moja, na kidogo cha kubaki. Ng'ombe 10 kwa siku 90 watakula marobota 360. Ng'ombe 40 watakula marobota 1,440. Ndugu, yako ghalani? Kama hayako, na malisho yamekwisha, kundi hilo litapunguzwa tu: ama kwa mkono wako, ama kwa njaa.

Yusufu hakumwambia Farao angoje aone. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba wakati wa shibe, kwa sababu aliamini aliyoonyeshwa na Mungu. Imani yake ndiyo iliyomwamsha mapema.

Nasi tufanye hivyo. Mvua ikichelewa, tulipitie kundi mmoja mmoja. Tuwabakize majike wachanga wanaozaa vizuri, mitamba, na fahali mmoja mwema. Wengine tuwapeleke sokoni wangali na nyama mgongoni. Tukingoja, soko litajaa mifugo iliyokonda, na bei ya ng'ombe itashuka siku ile ile bei ya nyasi inapopanda. Fedha za waliouzwa mapema zitawanunulia waliobaki nyasi na dawa ya minyoo, na kulipa karo ya watoto. Wala tusisahau kwamba ng'ombe aliyedhoofika sana hufa hata mvua inapofika, kwa baridi ya siku zile za kwanza.

Malisho nayo yana akiba yake. Wazee wetu walilijua jambo hili. Wamaasai hutenga olopololi, malisho ya karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Waborana wa Isiolo wana baraza la wazee liitwalo dedha, ambalo huamua malisho ya masika ni yapi na ya kiangazi ni yapi. Anayeingiza kundi katika malisho ya kiangazi wakati wa mvua anakula akiba ya jirani yake. Kanisa na liwaunge mkono wazee wanaolinda mipaka hiyo.

Twajua si neno jepesi. Ng'ombe si fedha tu. Huyu alitoka kwa baba, yule ni wa mahari ya kijana wetu, na kila mmoja ana jina. Kumtoa bomani kwaumiza moyo. Lakini Mungu hakutupa kundi ili tulihesabu jioni na kujisifu. Alitupa tulitunze, watoto wapate maziwa na mjane wa jirani apate kikombe chake. Ng'ombe 12 walio hai baada ya ukame watafanya kazi hiyo. Mizoga 40 haitaifanya.

Basi tuombe mvua kwa bidii, na kesho asubuhi, kabla ya kufungua boma, tulitazame kundi kwa macho ya kweli.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye ng'ombe wote na nyasi zote, utupe hekima ya kujua wakati, na moyo wa kuachilia. Uwakumbuke waliobaki na boma tupu. Katika jina la Yesu. Amina.