Mkuyu Uliobaki

Sisi tuko Nyamira, nchi ya majani chai na mvua ya alasiri. Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mti.

Katika Mwanzo 35:8 twasoma habari za Debora, mlezi wa Rebeka. Alipokufa alizikwa chini ya mwaloni, na mwaloni ule ukapewa jina. Mtumishi mzee na mti mmoja, na vyote viwili vikaandikwa. Makanisa yetu nayo huandika sana. Tuna daftari la ubatizo, la ndoa, la mazishi, na la sadaka, ambalo hatulisahau kamwe. Lakini mkuyu ambao wazee wetu walisali chini yake kabla ya kuwa na bati hata moja, huo hauna hata mstari.

Tunasema haya tukiwa na hatia. Uani mwa kanisa letu palikuwa na mikuyu miwili. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika halmashauri, tukakubali mmoja ukatwe tupate nafasi ya kujenga jumba. Hakuna aliyepinga, kwa maana hakuna aliyejua la kusema. Siku ya tatu akaja mama mmoja mzee na mkongojo wake, akasimama penye kisiki. "Pasta," akasema, "sasa wajukuu wangu nitawaonyesha wapi mahali nilipobatizwa?" Tulilitafuta jina lake daftarini, tukalipata. Mahali hapakuandikwa.

Kule Uskoti, katika kijiji cha Fortingall, uko uani mwa kanisa mti wa kale sana ambao watu wa huko huuita yuu. Wataalamu hukisia kwamba una zaidi ya miaka 2,000. Mwaka wa 1769 Daines Barrington aliupima mzingo wa shina lake, akapata futi 52, yaani karibu mita 16. Watu walikata vipande vyake wakaenda navyo kama ukumbusho, na mioto iliwashwa penye shina. Leo umesalia vipande vipande, umezungushiwa ukuta. Ukubwa ule wa zamani twaujua kwa sababu mtu alipima akaandika.

Hapa Kenya, marehemu Wangari Maathai alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mkuyu uliokuwa karibu na kwao. Baadaye alikuta umekatwa, pamepandwa majani chai, na kijito alichochezea utotoni kimekauka. Sisi wa Nyamira, wenye chai mpaka mlangoni, maneno hayo twayaelewa upesi.

Basi tuliurudia mkuyu wetu wa pili. Nabii Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu pia; sisi chuoni tulifundishwa uchungaji tu. Kengele yetu ni rimu ya lori, nayo ilikuwa imefungwa kwa waya kuzunguka shina tangu zamani. Tulipotazama kwa karibu, waya ulikuwa umezama ndani ya gome. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome. Likikazwa pande zote, mizizi hukosa chakula, na mti hufa polepole huku majani yangali mabichi. Tuliukata waya, tukaitundika rimu kwenye nguzo. Wazee wengine walinung'unika kwamba mtini ililia vizuri zaidi. Ni kweli, ililia vizuri zaidi. Tulizing'oa pia zile tangazo zilizopigiliwa misumari, na takataka sasa huchomwa mbali na mizizi.

Kisha tulichukua kamba, tukaizungusha shinani mita 1.3 kutoka ardhini, mahali wapimaji wa misitu hupima, tukaandika kipimo na tarehe. Vijana waliwauliza wazee nani alikumbuka nini chini ya mti ule, nao waliandika hadi giza likaingia.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo tuliuacha wazi. Tulimwita yule mama mzee, akatoka mlangoni mwa kanisa akihesabu hatua zake kwa sauti, mpaka kwenye pembe ya jumba jipya. Akagonga mkongojo chini. "Andika hapa, Pasta." Tukaandika.