Sarafu za Mtandaoni: Nchi Rafiki, Rafiki wa Nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ifakara



Kamati iliponiomba nizungumze, ilinikabidhi swali lililoandikwa na vijana wa Kidato cha Sita wa kikundi cha midahalo: ni nchi zipi zitakazokuwa kimbilio la sarafu za mtandaoni, na je, Tanzania itakuwa mojawapo? Swali hili limekuja kwa wakati wake. Alasiri ya leo mkutano huu utaamua juu ya pendekezo la mwenzetu mmoja anayeishi ng'ambo, kwamba nusu ya mfuko wetu wa bweni itumike kununua sarafu hizo kupitia kampuni iliyosajiliwa kisiwani. Kwa hiyo nitakayoyasema si ya kupitisha muda tu. Na nieleze mapema kuwa nazungumza kama mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Mimi ni mtumishi wa Serikali, lakini si msemaji wake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Sarafu ya kwanza ya aina hii, Bitcoin, ilianza mwaka 2009. Ichukulieni kuwa ni daftari moja kubwa la hesabu, lenye nakala katika maelfu ya kompyuta duniani, kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kufuta mstari bila wengine kumwona. Haina benki kuu, na idadi yake haitazidi milioni 21. Kompyuta zinazolinda daftari hilo hushindana kufanya hesabu nzito, na kila baada ya dakika kumi hivi mshindi hulipwa Bitcoin mpya. Kazi hiyo ndiyo iitwayo uchimbaji, nayo hula umeme mwingi mno. Baada ya Bitcoin zilifuata sarafu nyingine maelfu. Baadhi yake thamani imefungwa kwenye dola ya Marekani. Baadhi hazikufungwa kwenye kitu chochote ila maneno ya muuzaji.

Sasa nije kwenye swali. Neno "nchi rafiki" linapotosha kidogo, kwa sababu urafiki huu una aina nyingi. Kila tunapoambiwa kuwa nchi fulani ni rafiki wa sarafu hizi, yatupasa tuulize: ni rafiki wa nani? Wa mwenye mashine, wa mwenye kampuni, au wa mwananchi aliyeweka fedha zake?

Aina ya kwanza ni urafiki wa kutangaza. Tarehe 7 Septemba 2021 El Salvador ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin fedha halali, na wafanyabiashara wakatakiwa kuipokea. Mwezi Aprili 2022 Jamhuri ya Afrika ya Kati ikafuata, nchi ambayo wananchi wake wengi hawana umeme wala intaneti. Mwaka 2023 Jamhuri ya Afrika ya Kati ikaiondolea Bitcoin hadhi hiyo. El Salvador nayo, baada ya kupatana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mkopo wa dola bilioni 1.4, ilibadili sheria yake Januari 2025, na tangu hapo hakuna anayelazimishwa kuipokea. Wananchi wengi wa kawaida hawakuitumia. Fedha haiwi fedha kwa tamko peke yake; huwa fedha pale muuza nyanya anapoipokea bila wasiwasi kwamba kesho itamfia mkononi.

Aina ya pili ni urafiki wa usajili. Visiwa kadhaa, na Shelisheli ya jirani zetu ikiwamo, kwa miaka mingi viliandikisha makampuni makubwa ya sarafu hizi ambayo wateja wake wako mbali kabisa. Shelisheli yenyewe iliona hatari ya hali hiyo, ikaanza kutumia sheria ya leseni mwezi Septemba 2024. Mauritius ilikuwa imetunga ya kwake mwaka 2021. Lakini lipo somo kubwa zaidi kutoka Bahamas. Huko ndiko yalikokuwa makao ya kampuni ya FTX, na Bahamas ilikuwa na sheria mahsusi ya mali hizi. Novemba 2022 FTX ilifilisika, na ikaonekana kuwa fedha za wateja, mabilioni ya dola, zilikuwa zimetumiwa kwa mambo mengine. Mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024, na mahakama iliyomhukumu haikuwa ya Bahamas. Ilikuwa ya New York. Usajili ni karatasi. Haumaanishi kuwa fedha ziko salama.

Aina ya tatu inatuhusu sana sisi wa bonde hili, nayo ni urafiki wa umeme. China ilipowafukuza wachimbaji mwaka 2021, walihama kutafuta umeme wa bei nafuu. Baadhi yao walifika Ethiopia, yenye mabwawa makubwa. Tazameni ajabu yake: Ethiopia iliwauzia wachimbaji umeme kwa fedha za kigeni, huku Benki ya Taifa ya nchi hiyo ikiwakataza wananchi wake kulipana kwa sarafu hizo. Ilikuwa rafiki wa mashine, si wa mwenye sarafu. Katika Kongo Mashariki, Hifadhi ya Virunga nayo iliweka mashine za kuchimba penye kituo chake cha umeme wa maji, ili ipate fedha za kulipa askari wanyamapori wakati vita na maradhi vilipowazuia watalii.

Sasa tujitazame. Kidatu inazalisha umeme tangu mwaka 1975, nayo ina uwezo wa megawati 204. Kihansi, huku kwetu, ina megawati 180 tangu mwaka 2000. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025, jumla megawati 2,115, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika mto wetu wa Kilombero. Mwezi Machi 2024, mvua zilipokuwa nyingi, baadhi ya vituo vya maji nchini vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Mchimbaji akisikia habari hiyo atafunga mizigo aje. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba swali lenu si la nchi za mbali. Iko siku mtu atakuja na makontena ya mashine aombe kuunganishiwa umeme.

Atakapokuja tumjibu nini? Umeme unaozidi usiku wa masika, ambao vinginevyo ungepotea, unaweza kuuzwa kwa mtu anayekubali kuzimiwa wakati wowote nchi inapouhitaji. Hilo ni jambo la hesabu, wala halina dhambi. Lakini mashine hizo huajiri watu wachache sana, na kinachopatikana huondoka kwa waya siku hiyo hiyo. Mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara huacha mchele, pumba, ushuru, na ujira wa wabeba magunia. Wazee wetu waliishi miaka mingi wakitazama nyaya za umeme zikipita juu ya nyumba zenye vibatari. Kabla hatujawa kimbilio la mashine za wageni, kwanza umeme huo umfikie mkulima wa Mlimba na wa Malinyi.

Aina ya nne ni urafiki wa sheria, na kwa maoni yangu huu ndio utakaodumu. Uswisi iliuanza mapema katika mji wa Zug. Dubai, ambako wamo ndugu zetu wengi wa Pwani, iliunda mamlaka ya pekee ya kusimamia mali hizi mwaka 2022. Jirani yetu Kenya amepita njia ndefu, na inafaa tuisome. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwatahadharisha wananchi wajiepushe. Hata hivyo vijana waliendelea. Mwaka 2023 Serikali yao iliweka kodi ya asilimia 3. Agosti mwaka huo huo ilibidi isimamishe shughuli za Worldcoin, baada ya watu kupanga foleni Nairobi wapigwe picha za mboni za macho yao ili wapewe sarafu zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Mwaka 2025 kodi ile iliondolewa, ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za huduma. Na mwezi Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria inayowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni na kusimamia. Mkiniuliza ni nchi gani ya Afrika Mashariki itakuwa kimbilio la kwanza, nitasema Kenya, kwa sharti kwamba sheria hiyo itekelezwe kama ilivyoandikwa.

Na Tanzania? Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali hapa nchini. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo badala ya kushtukizwa nayo. Kisha sheria ya fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Yaani mkusanya kodi amefika mlangoni, lakini mlinzi wa mteja hajakabidhiwa rungu lenye uzito huo. Kwa hali hiyo sisi bado si kimbilio, wala sioni haya kusema hivyo. Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa na wasimamizi wa kimataifa katika orodha ya nchi zenye upungufu katika kuzuia utakatishaji wa fedha, nasi tulitoka humo Juni 2025 kwa kazi kubwa. Anayetaka tufungue milango yote kwa haraka akumbuke kazi hiyo.

Wako watakaosema kuwa sheria huua ubunifu. Wakumbuke fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na hapa kwetu 2008, na sheria yetu ya mifumo ya malipo ilitungwa mwaka 2015. Serikali iliruhusu jambo hilo kabla ya sheria kukamilika, ni kweli. Lakini palikuwa na sharti: fedha za wateja zikae benki katika akaunti ya amana. Kila shilingi iliyomo katika simu ya mama muuza samaki pale Kivukoni ina shilingi mwenzake benki. Hilo ndilo lililoleta imani, na imani ndiyo iliyoleta biashara.

Pasipo hilo mambo huwa hivi. Mtoto wa ndugu yangu aliuza mpunga wa msimu mzima, akapeleka fedha kwa watu waliojiita mawakala wa sarafu za mtandaoni. Kwa wiki sita simu yake ilimwonyesha faida ikipanda. Alipotaka kutoa, aliambiwa alipe kwanza "ada ya kufungulia". Alilipa, na namba zote zikazimwa. Hakujua amshtaki nani, wala katika nchi gani. Mkewe alinunua mchele dukani mwezi Novemba, yeye aliyevuna. Wenzangu wa rika langu wanaukumbuka upatu wa DECI, uliosimamishwa mwaka 2009; wakati huo walau majengo ya ofisi yalikuwapo na wakurugenzi walifikishwa mahakamani. Hivi sasa hata mlango wa kugonga haupo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kuhusu pendekezo lililo mezani, nashauri tumwulize mwenzetu mambo matatu, tena kwa heshima, maana nia yake ni njema. Kampuni hiyo ina leseni ya nani, si usajili tu? Fedha za wateja zinakaa wapi, na nani huzikagua? Tukidhulumiwa, mahakama ipi itatusikiliza sisi wa Ifakara? Majibu yakikosekana, fedha za bweni zibaki katika hati fungani za Serikali, hata kama faida yake haisisimui. Mwanachama anayetaka kujaribu bahati afanye hivyo kwa fedha zake, si kwa kitanda cha mtoto wa mwenzake.

Nanyi vijana, msiondoke hapa mkidhani nimewakataza. Nimewaambia msinunue msichokijua; sijasema msijifunze. Jifunzeni hisabati iliyomo ndani ya daftari lile, jifunzeni sheria na ukaguzi wa hesabu. Siku Taifa litakapoandika sheria yake lenyewe, litahitaji watu wanaoelewa mashine na pia wanaomjua mkulima wa mpunga. Shule hii ina uwezo wa kuwatoa.