'BAHASHA NILIYOITUPA KWENYE DROO ILINITIA DENI LA DOLA 1,152'

Ifuatayo ni hotuba ya kijana mmoja wa Kitanzania kwa vijana wenzake mjini Houston, Marekani. Tunaichapa kwa faida ya walioko huko na wanaofunga mizigo kwenda. – Mhariri



Sikuja hapa kujigamba. Nimekuja kueleza ujinga wangu ili usiwe wenu.

Nilikuwa mbeba mizigo ghalani. Jumapili moja, tukicheza mpira, goti likaenda. Daktari akanikataza kazi kwa miezi kadhaa. Bahati nzuri kazini kulikuwa na bima ya ulemavu, ikawa inanilipa asilimia 60 ya mshahara. Jumla nilipokea dola 9,600. Nikasema Mungu mkubwa, nikala, nikalipa pango, nikatuma na nyumbani.

Januari ikaja bahasha yenye jina la kampuni nisiyoijua. Nikadhani ni matangazo, nikaitupa kwenye droo. Kumbe ndani mlikuwa na fomu W-2 kutoka kwa kampuni ya bima, mbali na W-2 ya mwajiri. Mimi nikapeleka ile ya mwajiri peke yake.

Jamani, nakala ya ile fomu ya droo serikali ilikuwa nayo! Baadaye barua ikanifikia: kodi dola 1,152, ukiacha riba. Na ile fedha ilikwisha liwa zamani.

Sasa sikilizeni kiini cha mambo. Swali ni moja tu: nani alilipa ada ya bima?

Kama alilipa mwajiri, na ada hiyo haikuhesabiwa kwenye mapato yako, malipo yote yanatozwa kodi. Kama ulilipa wewe kwa fedha iliyokwisha katwa kodi, hayatozwi hata senti. Mkichangia wote, inatozwa sehemu ya mwajiri: bima ikikupa dola 20,000 na mwajiri alilipa asilimia 60 ya ada, kodi ni juu ya dola 12,000.

Hapa pana mtego. Ada ikikatwa kwenye mshahara wako kabla ya kodi, unaona umelipa wewe, lakini sheria inahesabu amelipa mwajiri. Kwa hiyo soma slipu yako ya mshahara, usisome uso wa bosi.

Fomu ikifika, tazama kisanduku namba 1: hicho ndicho kiasi kinachotozwa kodi. Kisanduku namba 12 kikiwa na herufi J, hicho hakitozwi. Ukiona kosa, dai fomu ya marekebisho, W-2c. Usichore kwa kalamu yako.

Jambo jingine: kampuni ya bima hailazimiki kukukata kodi ya mapato ya serikali kuu. Ukitaka ikukate kidogo kidogo, jaza fomu W-4S uwapelekee. Mimi ningefanya hivyo, leo nisingesimama hapa.

Msichanganye mambo. Fidia ya kuumia kazini haitozwi kodi. SSI, ule msaada wa wasio na kitu, haitozwi wala haina fomu. Lakini malipo ya ulemavu ya Social Security yana fomu yake, SSA-1099, na yanaweza kutozwa kama una mapato mengine ya kutosha.

Na kama umeshanaswa? Usijifiche! Kuchelewa kulipa ni adhabu ya nusu asilimia ya deni kwa mwezi. Kutopeleka fomu kabisa ni asilimia 5 kwa mwezi. Kwa hiyo peleka fomu kabla ya Aprili 15 hata kama mfuko umetoboka, kisha omba kulipa kwa mafungu. Mimi ndivyo nilivyolimaliza. Wenye kipato kidogo wapo watu wa VITA, wanajaza fomu bure.

Mwenzangu tuliyebeba naye mizigo alikuwa akijilipia ada mwenyewe, dola chache kwa mwezi, nasi tukimcheka. Alipoumia, hakudaiwa kitu.

Leo mkirudi nyumbani, fungueni droo zenu.